Mfuko wa Mkwezi

"Bado maji," alisema Mama Miche, akakiinua kidole chake juani ili Mkuu naye aone.

Tone alilolikamua kwenye kikonyo cha mche lilikuwa palepale kwenye ncha ya kidole, dogo, halina rangi. Lingekuwa jekundu, angepiga vigelegele mpaka mlinzi wa getini aje mbio akidhani kuna msiba au harusi. Lingekuwa jeupe kama maziwa, angekaa chini alie, yaishe. Lakini maji! Maji hayamwambii mtu kitu.

Mkuu wa kitalu alivua miwani yake, ile iliyofungwa uzi sikioni, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena na kuinama. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiyependa kumkatiza mtu.

"Hakuna wekundu kwa mbali hapo?"

"Hiyo ni rangi ya kidole changu, Mkuu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokwisha kuchoka na jambo. Mbele yao, chini ya neti ya kivuli, ilipangwa miche arobaini na kitu katika viriba vyeusi. Ilikuwa na afya njema, majani matatumatatu kwenye kila kikonyo, na kila asubuhi ilikuwa ikimchezea Mama Miche akili. Jumatatu aliitazama akaona yote ni ya aina moja, ile adimu, hana wasiwasi. Jumanne akaona yote ni ile ya kawaida kabisa. Leo alipofika aliona nusu kwa nusu, na alipokwenda kuchota maji akarudi, zile nusu zilikuwa zimebadilishana.

"Basi sikiliza, Mama," alisema Mkuu. "Kesho asubuhi trekta linakuja. Miche ya kwenda kupandwa kandokando ya barabara itapakiwa, na ya kupelekwa kule juu kwenye ukingo wa mlima itapakiwa. Neti hii inahitajika kwa mbegu mpya, siwezi kuongeza hata wiki. Hii yako lazima iende upande mmoja: kama ni ile adimu, mlimani; kama ni ya kawaida, barabarani."

"Upande upi?"

"Wewe ndiye uliyeilea. Neno lako ndilo nitakalolishika."

Mama Miche alishika kiuno. Miaka yote alikuwa akilalamika nyumbani kwamba wakubwa hawamwulizi kitu. Sasa ameulizwa, na kichwani hamna jibu.

Msitu ule ulikuwa kama mtaa wowote. Koo tatu nne zimejaza kila nyumba, ukirusha kiatu kitampata mtu wa mojawapo. Halafu yupo mtu mmoja kwenye chumba cha mwisho, peke yake, hajulikani ndugu zake ni akina nani wala alihamia lini. Aina ya mti iliyojaa kila bonde na kila kilima wakwezi, watu wanaokwea miti kuchuma mbegu, waliiita mjirani. Aina ya chumba cha mwisho waliiita mpweke, na katika msitu mzima walioweza kuutembelea walikuwa wakiujua mmoja tu, ule wa ukingoni, ng'ambo ya kijito. Vitabu vya Mkuu vilikuwa na majina mengine, marefu, yasiyotamkika ukiwa na haraka. Hata yeye mwenyewe siku hizi alikuwa akisema mjirani na mpweke.

Tabu ni kwamba miti hiyo miwili ilifanana kama mtu na mdogo wake. Mbegu zake zilifanana, miche ilifanana. Mpaka shina likomae, miaka miwili au mitatu, ndipo ukikata kikonyo unaona: mpweke unatoka utomvu mwekundu, mjirani mweupe. Kabla ya hapo ni maji.

Ndiyo maana wakwezi wa mbegu walikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Mbegu inachumwa tawini, haiokotwi chini. Ndege hondohondo wanakula matunda ya mjirani bondeni, kisha wanaruka kwenda kupumzika kwenye mti mrefu wenye upepo, wanatema kokwa hapo. Na mti mrefu wenye upepo kuliko yote ulikuwa ule mpweke wa ukingoni. Chini yake mbegu zilitapakaa kama njugu sakafuni baada ya sherehe, na nyingi hazikuwa zake.

Mume wa Mama Miche, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkwezi, hakuwahi kuokota mbegu chini hata moja. Alikuwa mtu wa majivuno katika hilo. Enzi za uchumba alimwonyesha mpenzi wake, kwenye ngazi tatu za saruji za nyumba ya wakwe zake, jinsi kazi inavyofanywa. Unapokwea, mfuko unautupa mgongoni, mikono yote miwili iwe huru. Unaposhuka, mfuko unauleta kifuani na kuuziba mdomo kwa kiganja, maana tawi moja likiukwaruza umepoteza kazi yote. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, hata alipotoka dukani na sukari alikuwa akishuka ngazi za watu na kiganja kifuani. Mkewe alimcheka mpaka akachoka kucheka.

Halafu ikaja siku ile. Walikwenda wawili ukingoni, Mkwezi na mshika kamba wake. Mshika kamba, ambaye hata mkewe alimwita Kamba, alishuka kijitoni kujaza maji na kumwambia mwenzake, "Nisubiri." Mkwezi hakusubiri. Kamba aliporudi alimkuta chini ya mti, kichwa kimepasuka, kamba imelegea, mfuko uko wazi. Mbegu zilikuwa kila mahali, lakini mahali pale mbegu zilikuwa kila mahali siku zote. Akaita watu, wakambeba mgonjwa kumteremsha. Siku ya pili Kamba, kwa huruma tu, akarudi peke yake akaziokota zote, za huku na za kule, akazijaza kwenye mfuko ili jasho la rafiki yake lisipotee bure. Wiki chache baadaye mvua ya upepo ikaung'oa mpweke na mizizi yake, ukalala bondeni juu ya mijirani.

Basi lililobaki lilikuwa swali moja, jepesi kama swali la mtoto. Mkwezi alipoanguka, alikuwa anakwea au anashuka? Kama alikuwa anashuka, mfuko ulikuwa umejaa, na mpweke ulikuwa umeacha watoto. Kama alikuwa anakwea, mfuko ulikuwa mtupu, na alichokiokota Kamba ni makombo ya hondohondo. Aliyejua ni mtu mmoja, na mtu huyo tangu siku hiyo alikuwa hajui vizuri hata jina la siku.

* * *

Jioni ile Mama Miche alirudi nyumbani na mche mmoja mkononi. Alimkuta mumewe kibarazani, amekaa kwenye benchi, amenyolewa vizuri na mke wa fundi viatu aliyekuwa akimwangalia mchana.

"Karibu, dada," alisema Mkwezi, akasogea kumpa nafasi.

Mama Miche akakaa kando yake. Kulikuwa na siku za "mke wangu, umechelewa, chai imepoa," na kulikuwa na siku za "dada." Leo alitaka sana iwe ya mke.

"Ahsante, kaka. Habari za kutwa?"

"Nzuri tu. Una mume, dada?"

"Ninaye."

"Anakutunza?"

"Alikuwa akinitunza. Sasa namtunza mimi."

Mkwezi alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyesikia uvivu wa mwanamume mwingine. "Aone haya," alisema.

Mama Miche alicheka, na kucheka kwenyewe kukamuuma. Akauweka mche magotini pa mumewe. Vidole vya Mkwezi vikaushika papo hapo, vikapapasa jani, vikateremka kwenye kikonyo, na kwa kitambo uso wake ukawa uso wake wa zamani.

"Huu ni mti gani, kaka?"

"Huu? Mpweke."

"Kweli?"

"Au mjirani. Mchanga hivi, nani anajua? Mungu tu na hondohondo."

Mama Miche alipiga moyo konde. Swali hilo alikwisha kuliuliza jioni nyingi. Alikwisha kuambiwa "nakwea," akaambiwa "nashuka," na safari moja akaambiwa kwa ukali, "Kukwea wapi? Mimi mtu wa ofisini!"

"Siku ile kule ukingoni," alisema taratibu, "ulipoanguka. Ulikuwa unakwea au unashuka?"

"Nilikuwa nashuka."

Alilisema bila kusita. Mama Miche akamsogelea. "Na mfuko ulikuwa umejaa?"

"Mfuko upi?"

"Wa mbegu."

"Aa, ule. Ule nimempelekea mke wangu. Yuko kazini." Akamwinamia, akashusha sauti kama anayetoa siri. "Mwanamke yule, dada, anapenda miche kuliko anavyonipenda mimi."

"Nani amekwambia?"

"Naona mwenyewe. Anairudia kila asubuhi."

Mama Miche aligeuza uso upande wa ukuta. Ilikuwa kweli, na si kweli, na hakujua aanzie wapi kumweleza mtu asiyemjua kwamba anairudia kwa ajili yake. Mapenzi yake yote kwa mumewe, tangu ile ajali, alikuwa akiyamwagia viriba.

Kamba alipofika na mkate chini ya kwapa aliwakuta bado wako benchini. Alimsalimu rafiki yake kwa adabu, maana hakujua leo yeye ni nani kwake, kisha akachuchumaa karibu na Mama Miche.

"Shemeji, nimesikia ni kesho."

"Ni kesho. Hebu niambie tena. Ulipomkuta, mfuko ulikuwa mgongoni au kifuani?"

"Jamani, shemeji."

"Niambie."

"Ubavuni. Si mbele, si nyuma. Ubavuni." Kamba alijikamata kichwa. "Nimeiota ile picha mpaka imechakaa. Siku nyingine nauona mgongoni, siku nyingine kifuani, nikiamka siijui ya kweli. Na kule kijitoni nilikaa muda gani? Mke wangu ananiambia mimi nikiona maji baridi nalala kabisa. Labda nilikaa kidogo, labda alikwisha kukwea na kushuka. Ningejua ningekimbia na maji mdomoni!"

"Sikulaumu."

"Afadhali ungenilaumu, ningejua pa kusimama." Akautazama mche uliokuwa magotini pa Mkwezi. "Sema tu ni mpweke, shemeji. Nani atakuuliza? Mpaka uanze kutoka utomvu, Mkuu atakuwa kahamishwa na sisi tumestaafu."

"Nitajiuliza mimi."

"Basi sema ni mjirani, mambo yaishe."

Hapo Mama Miche akamgeukia kwa hasira ambayo hata yeye hakujua ilitoka wapi. "Mijirani! Msitu mzima mijirani, ukitema mate yanaanguka juu yake! Mume wangu apoteze akili kwa kokwa zilizotemwa na ndege? Unataka niseme hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Kamba akautua mkate kwenye benchi. Neno lenyewe lilikuwa ndilo hilo, limekwisha kusemwa, na Mama Miche mwenyewe alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine. Hakuwa akitafuta ukweli wa miche. Alikuwa akitafuta ajali ile iwe na faida hata kidogo. Na sasa kwa kuwa alilijua hilo, alizidi kutoziamini zile asubuhi ambazo macho yake yalimwambia ni mipweke.

Mkwezi, ambaye alikuwa amewatazama wote wawili kwa zamu kama mgeni kwenye ugomvi wa watu, alikata kipande cha mkate akampa mkewe.

"Kula, dada," alisema. "Ukiwa na njaa kila kitu kinachanganya."

* * *

Asubuhi mke wa fundi viatu hakuwepo, kaenda kumwona binti yake aliyejifungua. Hivyo Mama Miche alimshika mumewe mkono wakaenda naye kitaluni. Alimweka kivulini karibu na pipa la maji, akamkabidhi ule mche wa jana ili mikono yake isikose kazi.

Trekta lilikuwa limekwisha kufika. Dereva wake, mtu mfupi mwenye kofia kubwa, alikuwa amelizungusha tela karibu na neti na kuligawa katikati kwa ubao.

"Ya mlimani mbele, ya barabarani nyuma," alitangaza. "Na tusichelewe, jua likipanda miche inanyauka mnanitupia lawama mimi."

Wakapakia ya barabarani. Wakapakia miche mingine ya mlimani, ile isiyo na maneno. Kamba naye alikuja kusaidia, hakuna aliyemwita. Mwisho ikabaki ile arobaini na kitu peke yake chini ya neti, na watu wakawa wanapita kando yake kwa heshima, kama jamaa wanaosubiri shangazi mkubwa aseme neno.

Mama Miche alichuchumaa akavunja kikonyo kimoja. Maji. Akavunja kingine. Maji. Cha tatu akakipeleka mpaka puani, akanusa, akahisi harufu ya udongo na ya mikono yake. Aliitazama miche yote kwa pamoja akaona mipweke. Akafumba macho, akafumbua, akaona mijirani.

"Mama, hii ni ya mbele au ya nyuma?" aliuliza dereva.

"Subiri."

"Mbele au nyuma tu, mama yangu. Si mtihani huo."

"Nimesema subiri!"

Katika kusubiri huko hakuna aliyekuwa akimtazama Mkwezi. Waliona tu mtu akiinuka kutoka kivulini. Aliona wengine wamebeba, naye akabeba. Akauweka mche wake ukingoni mwa tela, akakanyaga gurudumu, akashika chuma, akapanda. Mwili ulipanda wenyewe, bila kuomba ruhusa kichwani.

"Mzee, shuka!" alipiga kelele dereva. "Mkamateni jamani!"

"Mwache," alisema Kamba. "Ukimshtua ataanguka."

Mkwezi alisimama juu ya tela, kati ya majani. Akaangalia huku na huku, pole pole, kama anayetafuta kitu alichokiacha mahali. Akauchukua mche wake akauchomeka upande wa mbele, penye nafasi. Kisha akageuka, akaupa ukingo mgongo, akaanza kushuka.

Mkono wa kushoto ulishika chuma. Mguu ukaning'inia, ukatafuta gurudumu kwa vidole. Na mkono wa kulia ulikuwa kifuani, kiganja kimefunika kitu ambacho hakikuwepo, vidole vimekunjwa kidogo ili visikiminye.

Kamba aliachia ndoo aliyokuwa ameshika.

"Shemeji! Unaona?"

"Ninaona."

"Alikuwa anashuka! Si ndivyo? Tangu alipoanguka hajawahi kushuka hivyo, hata ngazi zenu anashikilia ukuta. Alikuwa anashuka, mfuko umejaa!"

Mama Miche alitaka kumjibu ndiyo. Ndiyo ilikuwa imekwisha kufika kwenye ulimi. Lakini mumewe alikuwa ameshuka miti mingapi katika maisha yake? Mia? Elfu? Ameshuka mijirani zaidi ya watu walivyoshuka vitanda vyao. Ameshuka ngazi za duka na sukari. Mkono ule ungeweza kuwa unakumbuka siku yoyote, mti wowote. Furaha ikampanda na shaka ikampanda, zikakutana kooni, na hakujua ameze ipi.

"Mbele," alimwambia dereva.

Mkuu alivua miwani. "Una hakika, Mama?"

"Sina."

"Niandike nini kwenye vibao vyake?"

"Andika hatujui. Andika inakwenda kusimama pale mama yake aliposimama, kama ni mama yake. Ikitoka damu tutajua, ikitoka maziwa tutajua. Mimi nimeshindwa, Mkuu. Nimeilea kila siku na sijui nimelea nini."

Mkuu akaivaa miwani, akasema, "Hata mimi sijui," akaenda kunyanyua kiriba cha kwanza yeye mwenyewe.

Watu wakaanza kupakia. Dereva akanung'unika, akawasha injini ili ipate joto, na majani yote matatumatatu yakaanza kutetemeka pamoja na tela.

Mkwezi alikuwa amekwisha kufika chini, lakini alikuwa bado amesimama palepale, mguu mmoja mbele, haamini kama amefika ardhini. Kiganja hakikutoka kifuani. Mama Miche alimwendea.

"Umeshafika chini," alimwambia. "Twende ukakae."

"Siwezi kuachia," alisema Mkwezi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Mkono umechoka. Nishikie hapa, dada, zisimwagike."

Mama Miche aliuingiza mkono wake taratibu chini ya ule wa mumewe, mpaka Mkwezi akakitoa kiganja chake, kikabaki cha mkewe. Chini yake kulikuwa na shati tu, na kifungo kimoja kilicholegea. Mama Miche akashikilia.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Usiminye," alisema mumewe, akaunyoosha mkono wake uliokufa ganzi, akaanza kuvikunja na kuvikunjua vidole kimoja kimoja, huku trekta likitoka getini.